Star Cops: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Polisi wa Anga wa BBC

Kila nikiitaja tamthilia hii mbele ya watu, maswali huwa ni yaleyale, na la kwanza huwa ni kama jina lake ni mzaha. Nimeyakusanya hapa. Yenye nyama nimeyajibu kwa kirefu, yasiyo na nyama nimeyapita mbio. Baadhi ya majibu yanafichua mambo yanayotokea ndani ya hadithi, kwa hiyo usiyependa kuharibiwa uhondo, soma kwa tahadhari.

Star Cops ni tamthilia gani?

Ni tamthilia ya upelelezi ya Uingereza, ila eneo la tukio liko angani. BBC2 ilianza kuionyesha Jumatatu tarehe 6 Julai 1987 na kuifunga Jumatatu tarehe 31 Agosti mwaka huohuo. Sehemu tisa, kila moja karibu saa nzima, basi.

Hadithi imewekwa mwaka 2027. Kufikia hapo binadamu wamejenga vituo vikubwa vinavyoizunguka Dunia, wana makao ya kudumu Mwezini, na wa kwanza wao wameshahamia Mirihi. Wengi huko juu ni wafanyakazi tu: mafundi, madaktari, wahandisi, watu wa mizigo. Na palipo na wafanyakazi, mishahara na mizigo hapakosi wizi, rushwa na magendo, na siku nyingine mtu huuawa. Ndiyo maana kuna polisi. Jina lao rasmi ni International Space Police Force. “Star Cops” ni jina la kejeli walilobandikwa, nalo likawaganda.

Nani aliibuni?

Chris Boucher. Wapenzi wa Doctor Who, tamthilia ya BBC ya msafiri wa nyakati na sayari aitwaye Daktari, wanamfahamu kwa hadithi zake tatu za mwaka 1977, ikiwemo The Robots of Death, ambayo kimsingi ni hadithi ya upelelezi: watu wamefungiwa pamoja ndani ya chombo, mmoja baada ya mwingine anauawa, na hakuna anayetaka kuamini ni nani anayeua. Kisha akawa mhariri wa miswada wa Blake's 7, tamthilia nyingine ya BBC ya angani, tangu mwanzo hadi mwisho, 1978 hadi 1981, na sehemu kadhaa aliziandika mwenyewe.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba alifanya kazi ya uhariri kwenye tamthilia za upelelezi za kawaida pia: Shoestring, Juliet Bravo, Bergerac. Mtu huyo alikuwa na mguu mmoja angani na mwingine kituo cha polisi. Star Cops ilikuwa nafasi yake ya kusimama kwa miguu yote miwili.

Ni kweli ilikusudiwa kuwa ya redio?

Ndiyo, wazo la mwanzo lilikuwa mchezo wa redio. Ukishalijua hilo, masikio yako yataanza kulithibitisha. Mazungumzo ndiyo yanayobeba kila kitu. Unaweza kugeukia jiko, ukakoroga mchuzi wako, ukarudi bila kupoteza uzi wa hadithi. Ukiniuliza mimi, ndiyo sababu tamthilia hii imezeeka vizuri kwenye maneno na vibaya kwenye picha.

Inaanzaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana sehemu ya kwanza, An Instinct for Murder, ndiyo ufunguo wa nyingine zote.

Nathan Spring ni afisa mwandamizi wa upelelezi hapa duniani, katika zama ambazo kompyuta ndizo zinazoamua kifo kipi kichunguzwe na kipi kifungiwe jalada. Mtu amekufa maji. Kompyuta imepiga hesabu zake: ajali. Nathan moyo unamkataa. Hana ushahidi wa maana. Ana miaka mingi ya kazi na kile askari wa zamani wanachokiita machale.

Wakati huohuo, juu kwenye kituo cha Ulaya kinachoitwa Charles de Gaulle, wanaanga wanakufa nje ya kituo kwa sababu mitambo ya mgongoni ya mavazi yao inaharibika. Kompyuta nayo imepiga hesabu: idadi ya vifo iko ndani ya kiwango kilichotarajiwa. Vifaa huharibika, watu hufa, asilimia haijavuka mstari. Hakuna kesi.

Hapo ndipo Boucher anapoingiza kisu. Iwapo wewe ni muuaji mwenye akili, na unajua polisi hawaamki mpaka idadi ivuke kiwango fulani, basi unahitaji tu kuua chini ya kiwango hicho. Takwimu inakuwa maficho. Nathan, ambaye hakuitaka kazi ya angani na alisukumwa na bosi wake kuiomba, analazimika kupanda huko, na mwishowe kuvaa vazi la aina ileile na kutoka nje mwenyewe.

Kumbuka pia ilionyeshwa lini. Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba, na uchunguzi ukaonyesha kuwa wahandisi walishaijua hatari ya zile pete za mpira kwenye maungio ya roketi, ila hatari ilikuwa imezoeleka. Sisemi Boucher aliichukua hadithi yake huko. Nasema mtazamaji wa mwaka 1987 alipomsikia mtu wa anga akisema hitilafu zile ni za kawaida, alikuwa na sababu ya kukaa wima kitini.

Kuna viumbe wa sayari nyingine?

Hakuna hata mmoja. Hakuna bunduki za mwanga, hakuna meli zinazoruka kutoka nyota hadi nyota. Sehemu ya mwisho, Little Green Men and Other Martians, inaichezea hamu hiyo ya mtazamaji: uvumi unaenea kwamba kuna kitu kimepatikana Mirihi, mwandishi wa habari ananusa, kila mtu anajifanya hana haraka. Ukitaka kujua kama ni kweli, itazame.

Wahusika wakuu ni akina nani?

Nathan Spring ni David Calder. Mnene kiasi, nywele zimeanza kuondoka, hana sura ya shujaa wa anga hata kidogo, na hapo ndipo utamu ulipo. Anaigiza kama mtu aliyehamishiwa kituo cha mbali asichokitaka, kisha akagundua kwamba kazi ni ileile, ila barabara ndiyo haipo.

David Theroux ni Mmarekani mweusi, ameigizwa na Erick Ray Evans. Alikuwa huko kabla ya Nathan, anaijua anga, na mara nyingi ndiye anayemwokoa bosi wake asijiue kwa ujinga. Urafiki wao hauelezwi kwa hotuba; unauona jinsi wanavyokatizana maneno.

Colin Devis wa Trevor Cooper ni askari wa mtaani kwelikweli. Anaingia sehemu ya pili akiwa mpelelezi wa duniani, na ukweli ni kwamba huko chini hakuna anayemtaka. Ana kitambi na mdomo mchafu, na kwa wanawake tabia yake ilikuwa inakera hata mwaka ule. Bado ni mpelelezi mzuri.

Pal Kenzy, Mwaustralia, ni Linda Newton. Yeye ndiye ninayempenda kuliko wote. Anapokutana na Nathan kwa mara ya kwanza, ni polisi anayekula rushwa, na Nathan anamtimua. Kisha chombo alichopanda kinatekwa, anafanya ujasiri mbele ya macho ya dunia nzima, na Nathan hana budi kumrudisha kazini huku akitabasamu kwa uchungu. Hajawahi kuwa msafi kabisa baada ya hapo. Tamthilia nyingi za wakati ule zingemtubisha mwanamke huyo kwa dakika tano.

Alexander Krivenko, Mrusi anayesimamia kituo cha Mwezini, ni Jonathan Adams. Daktari Anna Shoun, Mjapani, ni Sayo Inaba, anayejiunga katikati ya mfululizo baada ya kampuni yake ya dawa kuingia kwenye uchunguzi.

Box ni nani, au ni nini?

Ni kompyuta ndogo ya Nathan, inayoshikika mkononi, iliyotengenezwa na baba yake. Unaongea nayo, inakujibu, inatafuta kumbukumbu, inaingia kwenye mitandao ya kompyuta nyingine, tena kwa sauti tulivu inayofanana na ya Nathan kwa kuwa ni David Calder huyohuyo anayeitamka. Mtu anajadiliana na nafsi yake, na nafsi yake imesoma zaidi.

Siku hizi jambo hilo halimshangazi mtu aliyezaliwa na simu mkononi. Mwaka 1987 lilikuwa jambo la ajabu. Na angalia kejeli yake: mpelelezi asiyeziamini kompyuta ndiye mwenye kompyuta nzuri kuliko wote. Tofauti ni kwamba Box inaulizwa, haiamui.

Zile picha za kuelea walizifanyaje?

Kwa waya. Mwigizaji anavalishwa mikanda ya kiunoni chini ya nguo, anafungwa waya mbili nyembamba, ananing'inizwa kutoka darini, kisha anaambiwa aseme maneno yake kama vile hana uzito. Jaribu kulala kwenye ukingo wa meza, tumbo chini, ukaongea kwa utulivu kuhusu mauaji. Uzito wote unashuka nyongani, damu inapanda kichwani, na nywele zinaelekea chini wakati zilipaswa kutawanyika kila upande.

Mandhari za ndani zilirekodiwa studioni kwa kamera za video, kama tamthilia nyingi za BBC za zama zile. Video ina ukali wa picha usiosamehe. Filamu ingeificha waya kwenye vivuli, video inaimulika. Ndiyo maana wakosoaji wengi walikuwa wanaziona waya kabla hawajamwona mwigizaji.

Mwezini mambo ni mepesi zaidi, kwa watengenezaji namaanisha. Mvuto wa Mwezi ni sehemu moja ya sita ya ule wa Dunia, lakini ndani ya kituo waigizaji wanatembea karibu kama wako London. Mimi nilishawasamehe. Saa nzima ya watu wanaorukaruka ungeizima dakika ya kumi.

Vielelezo vidogo vya vituo na vyombo, kwa upande wao, ni kazi nzuri mno. Vimechafuka, vina viraka, vinaonekana vimetumika.

Ule wimbo wa mwanzo ulitoka wapi?

Uliimbwa na Justin Hayward wa kundi la Moody Blues, na muziki wa tamthilia aliufanya pamoja na Tony Visconti, yule mtayarishaji aliyefanya kazi na David Bowie. Wimbo unaitwa It Won't Be Easy. Ni wimbo laini, wa taratibu, wa kuendeshea gari jioni ukimkumbuka mtu.

Tatizo ni kwamba dakika moja baadaye kuna maiti. Boucher hakuupenda, mashabiki wengi hawaupendi, na unakuta hata wanaoipenda tamthilia huomba radhi kwanza kwa ajili ya wimbo. Mimi niliuchukia, nikauzoea, sasa huwa ninauimba nikiosha vyombo. Sitalitetea hilo.

Ni kweli mtunzi na mtayarishaji walikosana?

Ni kweli, na Boucher hakulificha baadaye. Mtayarishaji alikuwa Evgeny Gridneff. Wawili hawa hawakuona kitu kimoja: mtunzi alikuwa na tamthilia kavu, ya maneno makali, ya askari waliochoka, mtayarishaji alitaka mambo mengine.

Ili uelewe uzito wake, kumbuka cheo alichokizoea Boucher. Kwenye Blake's 7 alikuwa mhariri wa miswada. Kila mwandishi alipitia mkononi mwake, na sauti ya wahusika aliilinda yeye. Kwenye Star Cops, tamthilia aliyoizaa mwenyewe, uhariri haukuwa wake. Aliandika sehemu tano: nne za mwanzo na ya mwisho. Ya tano iliandikwa na Philip Martin, na ya sita hadi ya nane ni za John Collee. Si waandishi wabaya. Martin ndiye aliyeitunga tamthilia ya Gangsters miaka ya 1970, na Collee alikuja kushiriki kuandika filamu ya Master and Commander ya mwaka 2003. Lakini ukizitazama mfululizo, utasikia sauti ya Nathan ikibadilika, kama vile mtu amehama lafudhi katikati ya safari.

Ongeza hapo waongozaji wawili, Christopher Baker na Graeme Harper, wenye mikono tofauti kabisa. Harper ni mtu wa kasi. Ndiye aliyeongoza The Caves of Androzani ya Doctor Who mwaka 1984, ambayo kamera yake haitulii. Baker anaiacha kamera ikae. Chungu kimoja, wapishi wanne, na kila mmoja ana pilipili yake.

Sehemu ya kumi iko wapi?

Haipo. Ilipangwa, muswada uliandikwa na Philip Martin, jina likiwa Death on the Moon, lakini mgomo wa wafanyakazi ukaingia na haikurekodiwa. Kila mwaka hutokea mtu anayedai ana rafiki aliyeiona. Hakuna aliyeiona.

Kwa nini haikuendelea?

Jibu la haraka ni kwamba watazamaji walikuwa wachache. Lakini hebu tazama ilivyowekwa mezani. Julai na Agosti Uingereza ni likizo. Shule zimefungwa, jua halizami mpaka usiku, watu wako bustanini au ufukweni. Sehemu ya mwisho iliangukia Jumatatu ya mwisho wa Agosti, ambayo England ni siku ya mapumziko. Ilikuwa BBC2 badala ya BBC1, chaneli kuu. Jina lake lilisikika kama katuni ya watoto, wakati yaliyomo yalikuwa ya watu wazima. Na ukifungua tu, unakutana na ule wimbo.

Kisha kuna hali ya hewa ndani ya BBC yenyewe. Mwaka 1985 Doctor Who ilisimamishwa kwa mwaka mmoja na nusu, na iliporudi Septemba 1986 ilikuwa imepunguzwa. Hadithi za kisayansi hazikuwa na watetezi wengi kwenye vyumba vya maamuzi. Kwa sadfa, Daktari mpya wa Doctor Who, Sylvester McCoy, alianza rasmi Jumatatu tarehe 7 Septemba 1987, wiki moja tu baada ya Star Cops kufunga. Na mwishoni mwa mwezi huohuo Wamarekani wakaizindua Star Trek: The Next Generation, iliyokuja kudumu misimu saba.

Mimi hata hivyo siamini kwamba ratiba peke yake ndiyo iliyoiua. Tamthilia zilizowekwa vibaya zimewahi kupona pale nyumba nzima ilipozipigania. Hapa baba mwenye mtoto na mlezi wa mtoto hawakuwa wanasalimiana. Nani angekwenda kwa mabosi kuomba msimu wa pili?

Nianze na sehemu ipi?

Anza na ya kwanza, halafu usiruke ya pili. Conversations with the Dead ndiyo bora kuliko zote, na nitakuambia kisa chake bila kukuambia mwisho.

Chombo cha mizigo kinaelekea Mirihi na watu wawili ndani. Injini zake zinawaka wakati usio wake na kukisukuma kwenye njia isiyorudi. Hakuna chombo kingine kinachoweza kukifikia kabla hewa na chakula havijaisha. Watu wale wawili ni wazima, wana afya, wanaongea kwenye redio, wanafanya utani. Na wamekufa. Hesabu imeshafungwa, kinachobaki ni siku tu. Iwapo kuna aliyeichezea injini, basi Nathan ana kesi ya mauaji ambayo marehemu wanaweza kuhojiwa. Unamuulizaje mtu swali la ushahidi, ukijua na yeye anajua? Kwenye sehemu hiyohiyo mchumba wa Nathan, Lee, anauawa duniani, na Nathan anageuka mtuhumiwa. Ni hadithi ya watu wawili wanaopewa muda wa kuaga na mmoja aliyenyimwa. Boucher haipigii ngoma. Anaiacha ikuumize kimyakimya.

Baada ya hapo nenda ya nne, Trivial Games and Paranoid Pursuits, iliyowekwa kwenye kituo cha Wamarekani kinachoitwa Ronald Reagan. Utani wa jina hilo ulikuwa wa moto: Reagan alikuwa bado madarakani, na mwaka 1984 ndiye aliyeiagiza NASA ijenge kituo cha kudumu angani.

Na ipi niiruke?

Sipendi kusema uiruke, ila jiandae na ya tano na ya saba. Ya tano inampeleka Nathan Italia, na Italia yenyewe ni ya mafia, bila shaka. Ya saba ina vijusi vilivyoibwa na mpiga piano aliyenakiliwa. Hapa ndipo lawama kubwa dhidi ya tamthilia hii inapopata miguu: kila taifa limepewa kofia yake ya kuvaa. Mwitaliano ni mhalifu wa ukoo, Mjapani ni mpole na mtiifu, Mmarekani ana kelele, Mwaustralia hana adabu. Kazi iliyojinadi kuwa ya kimataifa ilipaswa kuwajua watu zaidi ya hapo. Krivenko peke yake ndiye aliyepona, labda kwa kuwa Jonathan Adams alimpa uchovu wa mkuu wa ofisi ambao ni uleule kila nchi.

Waliukisia mwaka 2027 vizuri?

Nusu kwa nusu. Kompyuta ya kuongea nayo: walipatia. Mashine zinazopangia polisi kesi za kufuatilia na za kuachwa: hilo linajadiliwa mahakamani na mabungeni leo hii. Kampuni binafsi kuwa na sauti kubwa angani kuliko serikali nyingi: walipatia tena.

Walikosea makao. Hakuna mtu aliyekanyaga Mwezi tangu Desemba 1972, na Mirihi hajafika mtu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, lakini huwa ni watu saba hivi. Si mji wenye mlevi na mla rushwa. Polisi hana wa kumkamata.

Katika uhalisia, nani ana mamlaka ya kumkamata mtu angani?

Swali zuri, na ndilo linaloendesha ugomvi mwingi ndani ya tamthilia, maana Nathan kila akigusa mlango anaambiwa hapa ni mamlaka ya wengine.

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kuumiliki Mwezi wala sayari, lakini chombo kilichosajiliwa na nchi kinabaki chini ya mamlaka ya nchi hiyo, pamoja na watu waliomo. Ni kama meli baharini na bendera yake. Kituo cha Kimataifa kina makubaliano yake ya mwaka 1998, na kifungu cha 22 kinaeleza makosa ya jinai: kwanza kabisa, kila nchi mshirika inawashughulikia raia wake. Mmarekani akimpiga Mrusi, Marekani ndiyo yenye neno la kwanza, kisha kuna utaratibu wa mashauriano iwapo haifanyi kitu. Kanada mwaka 2022 ilirekebisha sheria yake ya jinai ili imfuate mwanaanga wake hadi Mwezini.

Kikosi cha pamoja cha polisi wa anga hakipo. Boucher alikibuni kwa sababu bila hicho, kila kesi ingeishia kwenye barua za mabalozi.

Ni ile yenye polisi wenye vichwa vikubwa?

Hapana, hiyo ni Space Precinct ya Gerry Anderson, mtu wa Thunderbirds, ile tamthilia ya vikaragosi. Ilitoka 1994 hadi 1995, sehemu 24, ikaishia msimu mmoja nayo. Polisi wa New York, Brogan, amehamishiwa sayari nyingine mwaka 2040 na kufanya kazi na viumbe wenye vinyago vya mitambo usoni. Ilikula fedha nyingi, inapendeza macho. Watu huzichanganya kwa kuwa zote ni za Uingereza, zote ni polisi wa anga na zote zilikufa changa. Lakini ukiondoa anga kwenye Space Precinct, hakuna kinachobaki. Ukiiondoa kwenye Star Cops, unabaki na kituo cha polisi kizima.

Waigizaji walikwenda wapi baadaye?

David Calder ameendelea na kazi nyingi jukwaani na kwenye skrini. Wengi wanamkumbuka kama Sir Robert King, tajiri anayelipuliwa mwanzoni mwa filamu ya James Bond ya 1999. Trevor Cooper alionekana tena Doctor Who mwaka 2014 akiwa mmoja wa watu wa Robin Hood. Mwongozaji Graeme Harper alirudi Doctor Who mwaka 2006, akawa wa kwanza kuongoza ile ya zamani na ile mpya. Erick Ray Evans alifariki 1999, Jonathan Adams 2005. Chris Boucher alifariki Desemba 2022.

Kuna mwendelezo wowote?

Upo. Mwaka 2018 kampuni ya Big Finish ilitoa hadithi mpya chini ya jina Mother Earth, na Calder, Cooper na Linda Newton wakarudi kwenye nafasi zao zilezile, miaka 31 baadaye. Sauti zimezeeka kidogo, na askari wale zinawafaa. Ni mchezo wa kusikiliza tu, hakuna picha, kwa hiyo hakuna waya za kuonekana. Lile wazo la redio lilifika masikioni kwa njia ya kuzunguka.

Nitaipata wapi?

Ilitoka kwenye kanda za video mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha DVD mwaka 2004. Seti za DVD zilizotumika huonekana kwenye masoko ya mtandaoni. Kabla hujalipa, hakikisha zimo sehemu zote tisa, na kwamba mashine yako inasoma diski za eneo la Ulaya.